Umerudi Tanga na shahada: mwongozo kamili wa kutafuta kazi mwaka wa kwanza

Ukishuka stendi ya Kange alfajiri na begi la nguo, godoro la bweni limefungwa kamba na bahasha ya kaki umeikumbatia kifuani, wa kwanza kukuita ni bodaboda. Wa pili ni jirani, siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri: "Hongera mwanetu. Sasa kazi umepata wapi?" Swali hilo litakufuata Makorora nzima, Mikanjuni nzima, mpaka kwenye maharusi ya watu. Mimi nililijibu kwa miezi 19. Nilisoma ununuzi na ugavi, nikarudi nyumbani kwa mama, na leo nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotamani mtu mmoja aniketishe barazani aniambie siku ile nilipoanza.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyonifungua macho. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596. Waliotuma maombi walizidi 135,000. Kila kiti kiligombewa na watu zaidi ya 80. Na si jambo la juzi: Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, waliokuja kwenye usaili walijaza majukwaa ya Uwanja wa Taifa, zaidi ya watu 10,000. Wale hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa na vyeti kama vyako, na wengine vizuri kuliko vyako. Kwa hiyo kazi za serikali ziombe kila zinapotangazwa, ila usifanye kungoja kuwa ndiyo shughuli yako.

Wazazi wetu jambo hili wanaliona kwa jicho jingine, na wana haki. Tanga ya ujana wao ilikuwa na kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, mashine za mbao, mashamba ya mkonge yasiyo na mwisho. Mtu alisimama getini asubuhi, msimamizi akamnyooshea kidole, jioni anarudi nyumbani ni mfanyakazi. Baba yangu mdogo mpaka leo ananiuliza kwa nini sikwenda "kusimama getini". Geti lile limefungwa. Kazi za mji huu sasa zimetawanyika kwenye ofisi za watu watano, wanane, kumi na wawili, na nyingi hazifiki gazetini kabisa. Nafasi ikitokea, bosi anauliza waliomzunguka: "Mnamjua mtu?" Anapewa yule ambaye mtu fulani amewahi kumwona akifanya kazi. Mwongozo huu wote ni namna ya kuonekana ukifanya kazi kabla hujapewa kazi.

Hatua ya kwanza: maliza nyaraka ndani ya wiki mbili

Usitume ombi hata moja kabla ya hili. Toa vyeti vyote mezani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita au stashahada, cha shahada pamoja na matokeo yake kamili, na kitambulisho cha taifa au namba yake yenye tarakimu 20. Vipange mstari mmoja, kisha soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi.

Sisi watu wa pwani tuna balaa letu la majina. Mohamed, Muhamad, Mohamedi, yote ni mtu mmoja, lakini kompyuta haijui hivyo. Mwanaisha kwenye cheti kimoja ni Mwana Aisha kwenye kingine. Jina la tatu hapa ni la babu, pale ni la ukoo. Mimi cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu, vya shule vilikuwa na jina la ukoo, na sikuwahi kujali. Nikaitwa usaili kwenye taasisi moja, nikasafiri usiku kucha, nikapanga foleni, nikafika mezani. Dada aliyekuwa anakagua alinionea huruma kabisa, lakini hakuwa na la kufanya. Nililia ndani ya basi mpaka Segera. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa la kuzuilika.

Kama majina yanatofautiana, nenda kwa wakili mapema. Tofauti ndogo ya herufi huwa inamalizwa kwa kiapo, na jina tofauti kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mpelekee nyaraka zote azione, yeye ndiye atakuambia lako ni lipi. Hapohapo athibitishe nakala za vyeti, uziskani vizuri zikiwa zimenyooka, faili moja kwa kila cheti, lenye jina linaloeleweka. Usipige picha za simu zenye kivuli cha kidole.

Jambo jingine linalowaangusha wengi: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kama chuo bado kimekushikia cheti kwa deni la ada, hilo deni ndilo kazi yako ya kwanza.

Vikishakamilika, fungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti hiyo wa kuombea kazi za serikali. Jaza kila kipengele bila haraka. Jina la kozi lichague kama lilivyo kwenye cheti, na sehemu ya makazi weka unapoishi sasa, maana siku hizi usaili mwingi wa mchujo hufanyika mkoani ulipo. Ukiwa umeacha anwani ya hosteli ya Dar es Salaam, utapangiwa huko na nauli utaitafuta mwenyewe. Wadhamini wawe watatu, watu wanaojua kazi yako na wanaopokea simu. Wapigie kwanza, uwaombe ruhusa.

Hatua ya pili: tembea mji kama mgeni

Tuna msemo wetu Tanga, waja leo waondoka leo. Wewe fanya kama umekuja leo. Chukua daftari, panda baiskeli, na kwa siku tano andika kila ofisi, ghala na karakana unayoipita, na wanachofanya. Nilizaliwa hapa, lakini nilipofanya hivi niligundua nilikuwa sijui nusu ya mji wangu.

Bandari iangalie kwa makini zaidi. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, kisha ukapakuliwa tena gatini. Kazi moja ikafanywa mara mbili, na wafanyabiashara wengi wa Arusha na Moshi wakaona bora wapitishie Dar es Salaam au Mombasa. Kuanzia 2019 serikali ilitumia zaidi ya shilingi bilioni 429 kuchimba kina na kujenga gati la mita 450, na sasa meli zinafunga hapohapo. Kwa mhitimu maana yake ni moja: kila meli ina karatasi zake. Kuna wakala wa meli, wakala wa forodha, karani wa kuhesabu shehena, mtu wa bima, mtu wa ghala, kampuni ya malori, fundi wa malori, mhasibu wa kampuni ya malori. Vijana wanaposema "bandarini hawaajiri" wanafikiria lile jengo moja tu la mamlaka. Mimi nimeajiriwa na bandari bila kuajiriwa na bandari.

Halafu kuna Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443. Hapa nitasema ninavyoona hata kama wengine hawatapenda. Kazi za ujenzi ni nyingi na malipo yake yanavutia, ila ujenzi una mwisho. Ukipata mkataba huko, uchukue kwa furaha, na siku ya kwanza tu anza kujiuliza utatoka na ujuzi gani: usalama kazini, kusoma michoro, kutunza stoo, uchomeleaji uliothibitishwa. Nimewaona waliotoka na ujuzi wakaendelea mbele, na nimewaona waliotoka na pikipiki tu.

Pongwe kuna saruji, na chokaa maeneo hayohayo ya mawe. Mkonge upo, na Bodi ya Mkonge ina makao yake makuu hapahapa mjini. Mashamba yako Muheza, Korogwe, Handeni na Pangani, na yanahitaji wahasibu na mafundi kama yanavyohitaji wakataji. Muheza kuna machungwa, Amani kuna viungo, na vyote vinatafuta mtu wa kupima ubora na kutafuta soko. Pwani ya Mkinga kuna mwani. Hospitali ya Bombo na halmashauri mnazijua. Mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji, ya zaidi ya shilingi bilioni 53 ili kupanua miundombinu yake. Mhandisi wa maji au mtu wa fedha anayesoma habari kama hiyo anapaswa kujiuliza mara moja ni wakandarasi gani watafuata.

Mwisho wa wiki chagua mnyororo mmoja tu, yaani bidhaa au huduma moja pamoja na kazi zote zinazoizunguka. Mmoja. Ukiwa mtu wa kila kitu, hakuna atakayekukumbuka kwa lolote.

Hatua ya tatu: ingia kwa mlango wa chini

Hii ndiyo hatua niliyoichelewesha mwaka mzima kwa aibu. Shahada ilinifanya nione kazi fulani si za hadhi yangu. Siku moja shangazi yangu wa Muheza akaniambia wanatafuta mtu wa kuandika kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kwa posho ndogo. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa maswali.

Nilikuwa nafika saa kumi na mbili asubuhi. Wafugaji wanakuja na ndoo na madumu, kwa miguu, kwa baiskeli. Unachukua maziwa kidogo kwenye kibomba, unachanganya na spiriti kwa kiasi sawa, unatikisa. Yakiganda vipandevipande, yameanza kuchacha na hayapokelewi. Unatumbukiza laktomita, ikizama kupita kiasi, yametiwa maji. Kisha unapima lita, unaandika kwenye daftari la kituo na kwenye kadi ya mfugaji. Ndivyo ilivyokuwa, kila siku, miezi saba.

Mwisho wa mwezi mmoja mzee mmoja alisema lita zake ni 214. Daftari langu lilisema 209. Alikuwa amekasirika, na watu walikuwa wengi. Nilimwomba akae, tukaanza kupitia tarehe kwa tarehe, kadi yake na daftari langu. Tarehe 17 kadi ilisema 8, daftari lilisema 3. Mwandiko wangu wa haraka: nane niliyoiandika ikiwa wazi upande mmoja, nami nilipojumlisha nikaisoma tatu. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mzee, kosa ni langu," nikasahihisha, nikatia saini pembeni, naye akatia dole gumba. Tangu siku ile nikawa naandika tarakimu kubwa, kila moja kwenye kisanduku chake.

Dereva wa gari la kubebea maziwa alikuwepo anasubiri kupakia. Miezi michache baadaye mjomba wake, mwenye ofisi ya uwakala wa forodha, alikuwa anatafuta mtu wa kushughulikia nyaraka. Huyo dereva akasema, "Kuna binti Muheza, akikosea anasema." Sikuwa nimemwomba chochote. Sikuwa hata najua jina lake kamili.

Watu wanasema ajira ni koneksheni, na sitawabishia. Lakini koneksheni iliyonipa kazi haikuwa ya ukoo wala ya fedha, na inapatikana kwa yeyote atakayekubali kuamka mapema. Tafuta kwenye mnyororo uliouchagua kazi ndogo inayogusa bidhaa, hesabu au mteja: karani wa ghala, mpokea mizigo, msaidizi wa mhasibu, mwandishi wa kituo. Iwekee muda, miezi sita mpaka tisa. Na kila siku andika kwenye daftari lako mwenyewe ulichofanya, kiasi gani, na tatizo gani ulilitatua. Daftari hilo ndilo litakaloandika wasifu wako.

Hatua ya nne: barua na wasifu

Kaa steshenari yoyote ya Ngamiani nusu saa, utaona barua moja inachapwa mara ishirini kwa majina ishirini. "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Bosi ameisoma mpaka ameikariri. Haimwambii lolote kuhusu wewe.

Hii hapa aya ya barua yangu, ile iliyofanya kazi:

"Kuanzia Machi hadi Septemba nilikuwa mwandishi wa kituo cha maziwa Muheza. Kila asubuhi nilipima na kuandika maziwa ya wafugaji, na kila mwisho wa mwezi niliandaa orodha ya malipo. Katika miezi mitano ya mwisho hakukuwa na tofauti kati ya kadi za wafugaji na daftari la kituo. Najua kwamba nyaraka za forodha zinahitaji uangalifu wa aina hiyohiyo, na niko tayari kujifunza mfumo wenu kuanzia mwanzo."

Ona hakuna sifa hata moja. Kuna mahali, muda, kitendo, matokeo, na sababu ya kuiandikia ofisi ile na si nyingine. Andika yako kwa mpango huo. Kama hujapata kazi ndogo bado, tumia mafunzo kwa vitendo ya chuoni, lakini usiandike "nilifanya mafunzo idara ya ugavi". Andika ulichogusa kwa mkono wako.

Wasifu uwe kurasa mbili, na anayeanza hata moja inamtosha. Simu iwe inayopatikana. Barua pepe iwe ya jina lako, ile ya utani wa kidato cha pili iache. Kwa kazi za serikali barua inakubalika kwa Kiswahili au Kiingereza, na iwe na saini; barua isiyosainiwa ni sababu rahisi sana ya kukuondoa.

Hatua ya tano: kubisha hodi

Kila wiki tenga siku mbili za kwenda ofisini kwa miguu yako. Mimi nilichagua Jumanne na Jumatano, maana Jumatatu watu wana vikao na Ijumaa mawazo yako msikitini na kwenye wikiendi. Nenda kati ya saa tatu na saa tano. Ofisi tatu kwa siku zinatosha.

Mtu wa kwanza utakayekutana naye ni mlinzi, na vijana wengi wanaharibu hapo, kwa kumpita kama nguzo. Mimi hufanya hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa nani?"

"Nina barua ya afisa utumishi, baba. Sijui leo anapokea wageni?"

"Kazi hakuna hapa, binti."

"Nashukuru kwa kuniambia. Basi naomba nijue siku gani anapatikana, niiache barua kwa mkono wake, nisiwasumbue."

Mara tano kati ya kumi utaambiwa siku. Mara nyingine utaambiwa jina. Siku moja mlinzi aliniambia kwamba karani wa ofisi ile anaolewa mwezi ujao na anahamia Mwanza. Habari hiyo hakuna tovuti ingenipa. Rudi siku uliyoambiwa, msalimie kwa jina lake, na barua uikabidhi kwa mtu. Baada ya wiki mbili piga simu moja fupi ya kuulizia. Ukiambiwa hapana, shukuru, andika kwenye daftari, uende.

Siku zilizobaki: asubuhi moja ya Ajira Portal na magazeti (Maktaba ya Mkoa ni pazuri, kuna utulivu), na nyingine kwenye kazi yako ndogo. Usikae na simu kutwa kwenye makundi ya matangazo; yanachosha moyo kuliko yanavyosaidia.

Hatua ya sita: kujitolea, na pa kukomea

Kujitolea kunafundisha, ila kuna ofisi zinazoendeshwa na wanaojitolea mwaka hadi mwaka. Kabla hujaanza, omba barua inayotaja muda, kazi, msimamizi, na kama kuna nauli. Miezi mitatu, ikizidi sana sita. Ukiona unafanya kazi ya mtu aliyeondoka na hakuna anayezungumzia mkataba, jibu umeshapata.

Bora zaidi ni mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu yanayosimamiwa na Kitengo cha Huduma za Ajira, TaESA, kati ya miezi sita na kumi na miwili, na ukimaliza unakuwa na ushahidi unaotambulika. Jisajili huko, na uwe tayari kupangwa nje ya Tanga.

Hatua ya saba: cheti kimoja cha ziada, baada ya kuujua mnyororo

Wengi huanza na hiki kabla ya kujua wanaelekea wapi, wakaishia na vyeti vitano visivyojuana. Kwenye kazi yangu kinachotakiwa ni cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kinachofundishwa na Chuo cha Kodi. Mhasibu ana mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, mtu wa ugavi ana ya bodi yake, PSPTB, mhandisi ajisajili bodi ya wahandisi, ERB, aulizie mpango wao wa miaka mitatu wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu. Wauguzi na madaktari leseni zao wanazijua. Walimu wajue kwamba siku hizi nao wanafanyiwa usaili, kwa hiyo warudi kwenye vitabu vya somo lao.

Kuhusu kujiajiri

Utaambiwa "jiajiri" na watu ambao hawajawahi. Ukiwa na biashara unayoijua kweli, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimama 2023, ikarejea 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na anayeanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ushauri wangu ni uijue biashara kwanza ukiwa mfanyakazi wa mtu mwingine, halafu ndipo ukope.

Wanaouza kazi, na wanaotaka mwili wako

Ajira haiuzwi. Anayetaka "ada ya fomu" au "pesa ya kukuwekea jina" kwa namba ya simu ni tapeli, hata akiwa na nembo ya serikali kwenye picha yake. Sekretarieti ya Ajira inatangaza kwenye mfumo wake na haina madalali.

Na kwa wadogo zangu wa kike, nasema hili bila kupindisha. Kuna watakaokuambia kazi ipo, ila mkutane kwanza hotelini. Kudai ngono ili kutoa ajira ni kosa chini ya sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Tunza ujumbe, usifute, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, na piga TAKUKURU namba 113, bure. Lililotokea si aibu yako.

Hatua ya nane: usaili

Usaili wa serikali huanza na mchujo wa kuandika. Soma tangazo la kazi mstari kwa mstari: kila jukumu lililotajwa ligeuze kuwa swali, ulijibu kwa kalamu. Ofisi ndogo za mjini hazina mchujo. Bosi anakuita, anakuuliza unakaa wapi, ni binti wa nani, kisha ghafla anakupa karatasi. Mimi nilipewa ankara na orodha ya mzigo, nikaambiwa nitafute kisicholingana. Uzito ulitofautiana kwa kilo 40. Hakuniuliza swali jingine.

Nguo safi, viatu vilivyofutwa, nyaraka halisi zote mkononi. Wahi kwa nusu saa. Ukiulizwa usichokijua, sema hujui, na useme ungemuuliza nani.

Hatua ya tisa: mkataba na mshahara

Furaha isikufanye usaini bila kusoma. Mkataba uwe wa maandishi, utaje kazi, muda, mshahara na mahali. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28. Ujue pia kwamba mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, na aliyevuka hapo ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko hilo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Watu wanakaa miezi mitatu wakiombwa wavumilie, haki inawapita.

Piga hesabu ya kinachofika mkononi kabla ya kukubali. Tuseme mshahara ni 600,000 kwenye kampuni binafsi. Mchango wa pensheni wa NSSF asilimia 10, 60,000. Kodi ya mshahara, PAYE, kwa 540,000 iliyobaki, 24,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000. Unabaki na 426,000. Kwa Tanga, ukiwa bado unakaa nyumbani, utaishi na utamsaidia mama. Ukipanga chumba, kaa karibu na kazi, uende kwa baiskeli. Kuhusu mkopo, sheria inakupa miezi 24 baada ya kumaliza chuo kabla ya kuanza kurejesha, na baada ya hapo deni halijali kama mwajiri wako anajua au hajui, mwambie mwenyewe.

Siku ya kuripoti beba nakala za vyeti, namba ya mlipakodi, namba ya akaunti na ya NSSF, na picha ndogo nne. Baada ya mwezi mmoja ulizia NSSF kama michango imeingia. Wapigie wadhamini wako watatu uwaambie umepata. Jumamosi ya kwanza pitia kwenye zile ofisi ulizobisha hodi, uwaambie walinzi kwa majina yao. Mimi nilipeleka machungwa ya Muheza kwa watatu, na mmoja wao akaniuliza kama nina mdogo wangu anayejua kompyuta.